Jiwe la angani lisioshwe

Mhariri,

Mvua za Dodoma zikianza Desemba, jiwe lolote lililoanguka kutoka angani, yaani kimondo, huanza kuharibika pale pale lilipo. Anayeliokota akaliosha, au akalisugua kwa ndimu ling'ae, anamalizia kazi ya mvua. Kinachopotea ni salfa.

Katika vimondo vingi salfa hukaa ndani ya troilaiti, madini ya chuma na salfa. Ukitazama kwa lenzi sehemu iliyovunjika, utaiona kama chembe za njano ya shaba iliyofifia. Maabara hulinganisha isotopu za salfa, yaani atomi za salfa zenye uzito tofauti, ile ya 34 na ile ya 32, tofauti ikiandikwa kwa sehemu za elfu. Sifuri ya kipimo hicho iliwekwa kwa troilaiti ya kimondo cha Canyon Diablo, Marekani.

Sasa, maji yakiigeuza troilaiti kuwa chumvi ya salfeti bila joto kali, uwiano huo hubadilika kidogo sana, kwani chumvi hurithi salfa ile ile. Isotopu hizo peke yake haziwezi kukuambia kama maji yalikuwa ya angani zamani zile, kabla jiwe halijaanguka, au ya ndoo ya jana.

Kimondo chetu cha Ivuna, kilichoanguka Desemba 16, 1938, kilipatikana gramu 705 hivi, na herufi I katika jina la kundi la vimondo liitwalo CI ni yake. Mishipa myeupe ya salfeti katika mawe ya kundi hilo ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa alama ya maji ya angani. Mwaka 2001 watafiti Gounelle na Zolensky walionyesha kuwa ilitokana na unyevu wa hewa yetu, mawe yakiwa yamehifadhiwa. Sampuli za Ryugu, asteroidi (mwamba unaozunguka jua), zilizoletwa na Wajapani Desemba 2020 na kutunzwa mbali na hewa, zinafanana sana na Ivuna, lakini mishipa hiyo hazina.

Kutu nayo huvuruga kipimo chenyewe. Unga wa jiwe huchemshwa katika asidi ya haidrokloriki huku nitrojeni ikipitishwa, na gesi ya salfa na haidrojeni inayotoka hunaswa kwa nitreti ya fedha, ikawa unga mweusi. Chuma cha kutu kikiyeyuka humo, huigeuza sehemu ya gesi kuwa salfa tupu kabla haijanaswa. Kiasi kinapungua, na hesabu ya kila aina ya salfa inachanganyika.

Kwa hiyo lishike kwa foili safi, si kwa mkono wenye jasho. Usilipake mafuta wala kulijaribu kwa sumaku, maana sumaku hufuta kumbukumbu nyingine, ile ya usumaku wa jiwe lenyewe. Litie katika chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, visigusane na jiwe. Andika siku, mahali, na kama mvua ilishanyesha, kisha lipeleke kwa wanajiolojia wa GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, hapa hapa Dodoma.

Mwanajiolojia,
Dodoma