Kobalti haikuingia yote

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya ukimya wa miezi mingi, ambao lawama yake ni yangu peke yangu. Mimi ni mzima, na yule bwana wetu wa tanuri naye hajambo, ingawa angali anashikilia kwamba fuwele hukua vizuri pale tu asipokuwepo mtu wa kuzichungulia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni ule ubishi wetu. Ulisema kwamba kutia kobalti katika BaFe2As2, kile kiwanja chetu cha bariamu, chuma na aseniki, ni hesabu ya elektroni tu: kila atomi ya kobalti inayokalia nafasi ya chuma huleta elektroni moja ya ziada, na zikitosha, usumaku huzimika. Nilikuamini, nikapima kobalti ya asilimia 6 nikitarajia usumaku uwe karibu kwisha na umeme upite bila ukinzani joto likishuka hadi kelvini 24 hivi (kelvini, kipimo cha joto kinachoanzia sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa). Nilipata fuwele bapa, nyembamba na zenye kung'aa kama kioo, lakini mchoro wa ukinzani ulinitia aibu. Joto lilipopungua mstari ulishuka taratibu, ukapinda na kuanza kupanda karibu na kelvini 60, ukaonyesha kovu jingine dogo kwenye 47, ndipo ukaporomoka kuanzia 17.

Nilipochunguza fuwele kwa darubini ya elektroni nilikuta kobalti ya asilimia 4.7 tu, kwa sababu kilichotiwa kwenye chungu sicho chote kilichoingia kwenye fuwele. (Usicheke, najua uliwahi kunionya.) Kwa hiyo kwenye 60 ni umbo la fuwele lililobadilika, na kwenye 47 atomi za chuma zikajipanga kisumaku, safu moja ikielekea huku na ya jirani ikielekea kinyume chake, ilhali katika fuwele isiyotiwa kitu mambo yote mawili hutokea karibu na kelvini 140.

Hadi hapo hesabu yako imesimama, nami sina budi kukiri. Lakini fosforasi utaifanyaje? Ina elektroni za nje sawa na aseniki, haiongezi wala haipunguzi, na bado ikichukua takriban asilimia 30 ya nafasi za aseniki usumaku hutoweka na ukinzani huisha kwenye kelvini 30 hivi. Nionavyo mimi, udogo wake huzisogeza atomi karibu na tabaka la chuma, na elektroni za chuma hupata uhuru zaidi wa kuzunguka, hivyo hushindwa kushikilia mpangilio. Manganizi nayo ina elektroni moja pungufu ya chuma, kwa hiyo kwa hesabu yako ingefanana na potasiamu, ambayo ina elektroni moja pungufu ya bariamu, na ikishika asilimia 40 ya nafasi za bariamu ukinzani huisha kwenye kelvini 38. Lakini manganizi ikiingia kwenye tabaka la chuma, huo upitaji wa umeme bila ukinzani hatuuoni kabisa.

Je, bado unapata zamu ya kupima kwa nyutroni? Ungekubali kuzipokea fuwele zangu mbili, utazame kama ishara ya usumaku inafifia chini ya kelvini 17, jambo ambalo lingeonyesha kwamba usumaku na upitaji wa umeme bila ukinzani vinagombania elektroni zilezile? Nikutumie zile kubwa, au zilizonyooka zaidi? Na kuhusu manganizi, unalo jibu, au utanyamaza kama nilivyonyamaza mimi?

Wako akupendaye.