Barua kwa Mwanangu Kuhusu Gari la Kuvutia Boti

Raskazone, Tanga

Mwanangu Idrisa,

Marahaba. Barua yako imefika pamoja na picha za magari matatu uliyoyachagua, na nimemsomea baba yako, ambaye alicheka alipoona kwamba umetaja rangi ya kila gari lakini uzito wa boti hukuutaja popote. Sisi hatujambo. Nakujibu kwa urefu kwa sababu umeniuliza kama fundi na si kama mama tu, na fundi hawezi kukuambia ununue gari gani kabla hajajua litavuta nini.

Basi tuanze na boti yenyewe. Umesema ni ya faiba, futi 19, yenye mashine ya Yamaha ya nguvu za farasi 115, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kuwa ina kilo 750. Hizo 750 ni za bodi tupu. Mashine peke yake inazidi kilo 170. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita 120 likijaa limeongeza karibu kilo 90. Tela la chuma la kubebea boti ya urefu huo mara nyingi hukaribia kilo 400. Weka na nanga pamoja na mnyororo wake, betri, maboya ya kujiokolea, kasha la barafu, maji ya kunywa na vikorokoro vingine ambavyo hakuna anayevihesabu. Hivyo navikadiria kilo 150 bila kukuonea. Ukijumlisha unakaribia kilo 1,600, yaani zaidi ya mara mbili ya namba uliyopewa. Haya ni makisio yangu tu. Kabla hujalipa senti ya gari lolote, ipeleke boti kwenye mizani ikiwa juu ya tela, na mafuta yake na vifaa vyake vyote. Wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu wanazo mizani za kupimia malori, nao hukupimia kwa malipo kidogo. Namba itakayotoka hapo ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Sasa nije kwenye Harrier, ambayo naona moyo wako umeiangukia. Ni gari zuri, tena sina neno nalo kwa mtu wa mjini. Lakini ile ya injini ya cc 2,000 uliyonitumia picha ina uzito wake wa karibu kilo 1,600, kwa hiyo tela lako litakuwa zito sawa na gari linalolivuta. Huko Uingereza watu wanaovuta tela hushauriwa kwamba mzigo usipite asilimia 85 ya uzito wa gari, hasa kwa dereva mgeni, na ushauri huo una sababu. Tela zito likianza kuyumba katika mwendo, linachezesha mkia wa gari, na gari jepesi halina uzito wa kulikataza. Halafu kuna suala la nguvu ya kuvuta, ambayo si zile farasi zinazotangazwa. Injini ile inatoa nyutoni-mita 193, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha magurudumu, tena kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, maana yake ni kwamba kila mkipanda kilima itabidi ilie kwa sauti ya juu ndipo ipate nguvu. Giaboksi yake ni ya mkanda, ile wanayoiita CVT, na adui yake mkubwa ni joto. Ukiipa mzigo wa namna hii safari baada ya safari, unaifupishia maisha kwa mikono yako.

La pili uliloniletea ni Prado ya petroli ya cc 2,700. Hii ina chesisi ya kweli, yaani fremu ya chuma iliyo peke yake chini ya bodi, na uzito unaotosha, lakini injini yake inatoa nyutoni-mita 246 kwenye mizunguko 3,900. Itavuta, sikatai, ila itavuta kwa manung'uniko na itakunywa mafuta. La tatu, Prado hiyo hiyo yenye dizeli ya cc 2,800, iliyoanza kufungwa mwaka 2015, inatoa nyutoni-mita 450 kuanzia mizunguko 1,600. Tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza utakapoitoa boti majini Kunduchi. Gari limesimama kwenye mchanga uliolowa, magurudumu ya tela yamezama, boti imejaa maji ya mvua chini ya sakafu, na unahitaji nguvu yote wakati gari bado halijaanza kutembea. Dizeli inakupa nguvu hiyo taratibu, ukiwa kwenye gia nzito, bila kuchimba shimo kwa matairi. Uingereza Prado hiyo imeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,000 ikiwa tela lina breki zake, na kilo 750 tu ikiwa tela halina.

Ukomee hapo kwenye breki, mwanangu, kwa kuwa katika barua yako hukuzigusa kabisa. Watu hununua gari kwa jinsi linavyovuta, kumbe kazi ngumu ni kusimama, pale daladala linapokukatiza Tegeta ghafla nawe una kilo 1,600 nyuma zinazotaka kuendelea na safari. Tela lako ni lazima liwe na breki, zile zinazojibana zenyewe pale tela linapolisukuma gari kwa nyuma, na ikiwa halina, toa pesa kwenye bajeti ya gari uzifunge kwanza. Nazo ukizizamisha kwenye maji ya chumvi bila kuziosha kwa maji ya bomba siku ile ile, hazichelewi kushika kutu. Beringi nazo zina lake: ukifika pwani zikiwa za moto kisha ukaziingiza majini papo hapo, hewa iliyomo ndani inanywea na kuvuta maji ya chumvi kupita sili. Gusa kitovu cha gurudumu kwa kiganja kabla ya kurudi nyuma. Kikiwa cha moto, nendeni mkanywe chai kwanza.

Kuhusu familia, naona umehesabu viti tu. Ni kweli Prado ina viti saba, nanyi na wajukuu wangu na mama mkwe wako mnaenea. Lakini tela lililopakiwa sawasawa hukandamiza ndoano, kile chuma cha nyuma ya gari kinachoshika tela, kwa karibu asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 160 kwa boti yako, na kilo hizo zinabebwa na gari kama abiria wengine wawili wakubwa waliokaa juu ya bampa. Ukijaza viti saba, ukaweka na mizigo ya Idd ya kuja Tanga, gari litainamia nyuma, taa zitamulika miti, na usukani utakuwa mwepesi kuliko inavyopaswa. Kwa safari ile ndefu ya kupitia Chalinze na Segera, bibi apande basi au boti ibaki nyumbani. Chagueni wenyewe, mimi simo.

Kuna jambo moja kuhusu dizeli hii ambalo madalali hawatakuambia. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina chujio la masizi kwenye ekzosi na tangi dogo la AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi wa dizeli, na AdBlue ikiisha kabisa, ukizima gari haliwaki tena mpaka uongeze. Chujio nalo hujisafisha gari linapokimbia barabara ndefu likiwa na joto la kutosha. Mkwe wangu akiwa analitumia gari kila siku kuwapeleka watoto shule kwenye foleni na hakuna safari nyingine, chujio litaziba. Mafundi wengi watakushauri uling'oe. Mimi sikushauri hivyo. Lipeleke gari nje ya mji mara kwa mara, kwenda Bagamoyo na kurudi, na uwe na dumu la AdBlue stoo.

Land Cruiser yenye V8 ambayo rafiki yako anakushawishi uinunue inaweza kuvuta hata kilo 3,500, ila kwa boti ya futi 19 utakuwa unalipia kodi na petroli kwa ajili ya sifa. Pajero ya dizeli ya cc 3,200 ni imara na isingekuaibisha, lakini Mitsubishi wameacha kuitengeneza, na vipuri vya Prado vimejaa Kariakoo.

Ukikubaliana nami juu ya dizeli, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dai karatasi ya mnada kutoka Japani na uitazame ule mchoro wa gari: herufi S inaonyesha kutu, na C inaonyesha kutu iliyokwisha kula chuma. Magari yaliyotumika sehemu za theluji hunyunyiziwa chumvi ya barabarani miaka yote, na chesisi hiyo ukija kuishusha Kunduchi unaiongezea chumvi juu ya chumvi. Dai pia picha za chini ya gari, hasa mwishoni mwa chesisi, kwa maana ndipo ndoano itakapofungwa. Magari ya Japani mengi huja bila ndoano, na nimeona mafundi wa mtaani wakiichomelea kwenye bampa. Yako ifungwe kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili, iwe na mahali pa minyororo ya usalama na soketi ya taa za tela. Gari likishafika, badilisha mafuta ya giaboksi hata kama muuzaji anaapa kwamba hayabadilishwi maisha yote, na ufunge rejeta ndogo ya kuyapoza.

Pale Kunduchi, soma ratiba ya maji kabla ya kuondoka nyumbani. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na aliyeshusha boti maji yakiwa yamejaa akarudi yamekupwa, hukuta nusu kiwanja cha tope kati yake na gari. Punguza upepo wa matairi kabla ya kukanyaga mchanga. Beba na kamba ndefu nene, ili gari libaki pagumu huku tela likienda majini peke yake.

Nitumie namba ya mizani, karatasi ya mnada na picha ya kibati cha tela kinachoonyesha uzito linaloruhusiwa kubeba. Usimtumie dalali malipo ya awali kabla sijaviona vyote vitatu. Baba yako anauliza kama boti ina jina, na anawasalimu wote. Mwambie mkwe wangu kwamba pilipili alizoagiza nimempa kijana wa basi la Jumamosi, azifuate stendi.

Wasalaam,

Mama yako