Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Chama kwa Mabarista (Waandaaji wa Kahawa Migahawani) Wanachama

Ndugu wanachama,

Simu nyingi mlizonipigia mwaka huu zilihusu makato ya mshahara. Maziwa yamemwagika, kikombe kimevunjika, hesabu ya kaunta imepungua, na mwisho wa mwezi mshahara unakuja umemegwa bila karatasi wala maelezo. Kamati iliamua kuelekeza nguvu zake hapo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata hasara anavyojisikia. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe sababu kwa maandishi, upate nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Habari ya zamu nzima kugawana hasara ya mtu mmoja haimo.

Katika mgahawa mmoja wa Masaki, Dar es Salaam, mabarista wa jioni walikuwa wakikatwa kwa pamoja gharama ya mashine ya kusagia kahawa iliyoungua. Niliongozana na wawakilishi wao hadi kwa meneja, tukaomba barua yenye sababu. Barua haikuandikwa, na mwezi uliofuata makato yakasimama. Fedha zilizokwisha kukatwa bado hazijarudishwa. Nalisema wazi kwa sababu wapo waliosikia kwamba tumeshinda.

Kuna pia saa ya kufunga. Milango inafungwa saa 4 usiku, lakini barista bado anasafisha bomba la mvuke la kuchemshia maziwa, anaosha mashine, anapiga deki, anahesabu fedha. Hiyo ni kazi. Ukishapita saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Mwenye mshahara wa shilingi 390,000 agawanye kwa saa 195 za mwezi: saa yake ni 2,000, ya ziada ni 3,000. Na kwa kuwa kazi ya usiku huanza saa 2 usiku, inaongezeka asilimia 5, inakuwa 3,150. Si fedha ya kudharau kwa anayetafuta nauli ya kurudi Mbagala wakati daladala zimeadimika.

Linaloniuma zaidi ni mtu kufunga leo na kufungua kesho. Anatoka saa 5 usiku, anatakiwa kaunta saa 12 asubuhi. Sheria inataka saa 12 za mapumziko kati ya siku na siku, na hata mkikubaliana kwa maandishi hazishuki chini ya 8. Hapo ni 7, na muda wa kwenda na kurudi nyumbani umo humohumo. Mimi mwenyewe niliunguza kiganja kwa mvuke asubuhi ya namna hiyo, macho yamejaa usingizi.

Kwenye tipu, yaani bakshishi ya mteja, hatujafanikiwa. Zamani mteja aliacha noti kwenye kopo na mliiona. Sasa analipa kwa simu, kwa Lipa Namba, tipu inaingia pamoja na bei ya kahawa kwenye akaunti ya mwenye mgahawa. Tutaomba kila mgahawa uwe na daftari la tipu linalofungwa kila wiki mbele ya wafanyakazi.

Mwanachama mmoja aliyeachishwa kazi alikuja kwetu mwezi wa tatu tangu aachishwe, akiwa amechelewa. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Mtu akichelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima aeleze sababu, na Tume inaweza kukataa. Njooni mapema, wiki hiyohiyo.

Wala msikae kimya kwa kuwa mnaitwa deiwaka, vibarua wa kutwa, na hamna mkataba mkononi. Mwajiri asipoweza kuuonyesha mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unakuwa wake. Nanyi muwe na kumbukumbu zenu. Katibu ana madaftari madogo: andikeni saa ya kuingia, saa ya kutoka na kila kilichokatwa, kisha mje nayo kwenye mkutano mkuu.