Vijana wa Kasulu na Buhigwe, msimzomee anayeuliza

Mwakeye, wanangu.

Nawaandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Siku hizi kwenye mikutano ya vijiji mtu anasimama, anasoma taarifa ya mapato na matumizi haraka haraka, namba hazikai masikioni, watu wanapiga makofi. Kijana mmoja akinyoosha mkono kuuliza mchango wa darasa umekwenda wapi, ninyi wenzake ndio mnaomzomea. "Kaa chini, unatuchelewesha!" Mnachelewa wapi? Mkitoka hapo mnakwenda kijiweni kulalamikia wezi wa Dodoma mpaka jua linazama.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wenu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inamhesabu kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kuwa mjumbe, na mkutano unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Mwenyekiti akiuitisha hafanyi hisani.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Taarifa inayosomwa ni karatasi tu. Ukweli umo kwenye vitabu vya stakabadhi, daftari la fedha, hati za malipo na taarifa ya benki. Jumlisheni stakabadhi za robo mwaka nzima, kisha mlinganishe na kilichoingia benki. Pengo likionekana, hilo ndilo swali la kwanza. Swali la pili ni fedha iliyotumika taslimu kabla ya kufika benki, maana hapo benki haibaki alama yoyote ya kufuatilia. La tatu ni ule mstari wa "matumizi mengineyo". Ukiwa mnono kuliko mistari yenye majina, ombeni usomwe kitu kimoja kimoja, na hati yake ya malipo ionyeshwe. Angalieni pia namba za vitabu vya stakabadhi. Zikiruka, huenda kuna kitabu kilichokusanya fedha na hakikuletwa mezani.

Na msiishie kwenye karatasi. Wakisema mifuko 100 ya saruji imefyatua tofali za inchi 6, kumbukeni kwamba mfuko wa kilo 50 wenye mchanganyiko mzuri hutoa tofali 30 hadi 35. Basi ziwepo 3,000 na zaidi. Lakini idadi peke yake isiwaridhishe. Mwizi mjanja huuza mifuko 40, akaongeza mchanga kwenye ile 60 iliyobaki, na tofali 3,000 zikatimia vilevile. Chukueni msumari mkwaruze. Tofali inayopukutika kama unga imeshawajibu, na ndiyo itakayobeba paa juu ya vichwa vya watoto wenu. Mafundi mnao, wamo humohumo kijiweni. Kwa nini hakuna hata mmoja anayekwenda kukagua?

Nitawaambia kwa nini. Kwa sababu kiongozi anayewasomea taarifa ya uongo alikuja kwenye msiba na gunia la mchele, mkasema ni mtu wa watu. Mwenzake aliyewaeleza wazi kwamba fedha ya zahanati haijaletwa kutoka halmashauri, mkamwita dhaifu, mkamnyima kura. Mmewafundisha viongozi wenu kwamba ukweli unagharimu kiti na uongo unalipwa kwa makofi. Hili si kosa la vijana peke yao. Nchi yetu ilifika mahali ikaihalalisha takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Vifungu vilifutwa, mkono wa kupokea haukufutika.

Tulishawahi kuona mfano mwingine. Katika miaka ya 1970, watuhumiwa walipofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza, Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa si yeye aliyewatesa. Wananchi hawakumtupa. Mwaka 1985 akawa Rais.

Halafu linganisheni na hili. Mwaka 2007 wapinzani wa CHADEMA walisoma orodha ya waliowaita mafisadi pale Mwembe Yanga, Dar es Salaam, na jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, likiwamo. Mwaka 2015 chama kilekile kilimsimamisha kugombea urais, akapata kura zaidi ya milioni 6. Hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani, na hilo ni lazima lisemwe. Lakini waliosema la kwanza walitakiwa watueleze la pili, kwa ushahidi, jukwaani. Wengi wetu hatukuwadai maelezo hayo. Tuliangalia rangi ya bendera tukaridhika.

Mengine nayataja kwa ufupi. Diwani na mbunge wanatakiwa kutoa tamko la mali na madeni kila mwaka, kabla Desemba haijaisha. Halmashauri ikijigamba kwa hati safi ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, jueni kwamba hati hiyo inahusu hesabu kuandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba hakuna kilichoibwa. Someni hoja za ukaguzi zilizoorodheshwa kwenye ripoti yenyewe. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113, haina malipo. Na msimwite mtu mwizi kabla hamjaona kitabu, kwa sababu kuna makosa ya kujumlisha na kuna wizi, na anayesingiziwa ana watoto kama ninyi.

Mkinyimwa vitabu, msigombane. Andikeni barua kwa mtendaji, mtaje kitabu mnachokitaka na miezi yake, mpeleke nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa siku 30 za kujibu. Zikipita kimya, pelekeni nakala yenye muhuri kwa mkurugenzi wa halmashauri, na diwani apewe yake. Waende watatu au wanne pamoja, wavulana na wasichana, asiende mmoja peke yake akaja kutishwa usiku.