Pangaboi juu ya banda haliendeshi shamba

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka kumi na moja bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini picha ya ukurasa wa kilimo wiki mbili zilizopita imenishinda. Bila shaka mnaikumbuka: mtambo wa upepo wa "kilowati moja" umechomekwa kwenye bomba juu ya paa la banda, paneli nne za sola ziko chini yake, na maelezo yanasema vitu hivyo vinaendesha shamba zima hapa Singida, kuanzia pampu ya kisima hadi mashine ya kusaga. Mashine ya kusaga! Mota ya kinu cha kijijini mara nyingi ni kilowati 7.5 au zaidi, na ukiiwasha moja kwa moja huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Inveta ya mfumo ule, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa mashine, ingezima kabla punje ya kwanza haijaguswa na nyundo.

Hiyo kilowati moja iliyoandikwa ubavuni ni ya upepo wa mita 12 kwa sekunde, ule unaotikisa matawi makubwa na kupindua miavuli. Nguvu ya upepo ni kasi mara kasi mara kasi. Kasi ikipungua nusu, inabaki sehemu moja kati ya nane. Ikishuka hadi theluthi, sehemu moja kati ya 27. Mapanga yenye kipenyo cha mita 2, kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, huku kwetu mita 1,500 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, yatawapa wati 30 hivi. Hizo ni balbu nne za wati 7.

Sisemi Singida hakuna upepo. Upo, na kiangazi huvuma hata usiku. Ila uko juu, hauko kwenye bati. Kanuni ya mafundi ni kwamba ncha ya chini ya panga iwe mita 9 juu ya kitu chochote kilichomo ndani ya mita 150. Kama jirani kuna mwembe wa mita 8, mnataka mnara wa mita 18, wenye nyaya za kuushikilia pande nne, nanga za zege, na bawaba chini ili uweze kulazwa wakati wa matengenezo. Ukiweka juu ya paa, upepo hugonga ukuta ukaviringika, mtambo unabaki kugeukageuka kutafuta uelekeo, na misumari ya bati inalegea mmoja mmoja.

Agosti mwaka jana niliitwa kwenye shamba la vitunguu lililofungwa mtambo wa aina hiyohiyo. Muuzaji alikuwa ameuunganisha kwenye kontrola ya sola, yaani kifaa kinachosimamia uchaji wa betri. Kontrola ya sola, betri zikijaa, hukata umeme. Paneli ikikatwa haidhuriki, inakaa tu juani. Mtambo wa upepo ukikatwa unapoteza mzigo, yaani betri inayovuta umeme wake, na mzigo ndio breki yake. Mapanga yanaongeza kasi na volteji inapanda bila kikomo. Saa saba mchana betri zilikuwa zimejaa, upepo ukaja, panga moja likakatika na kutoboa paa la banda la kuku. Kilichotakiwa pale ni kontrola ya upepo yenye koili ya kumeza umeme wa ziada, pamoja na swichi ya kuzikutanisha nyaya tatu za mtambo ili usimame kabla mtu hajagusa chochote. Halafu waya! Mita 30 kutoka kwenye mtambo hadi kwenye betri, mfumo wa volti 24, na waya wa milimita 6 za mraba. Kwenye ampea 20, karibu volti 3.7 zinaishia njiani. Waya wa milimita 25 ungepoteza chini ya volti moja, ila ni wa bei, na muuzaji hakuutaja. Alipopigiwa simu alijibu kwamba upepo wa pale ni mkorofi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, hizo betri zenyewe. Zimeandikwa Ah 200, yaani ampea-saa 200. Betri halisi ya asidi ya ukubwa huo, volti 12, ina uzito wa kilo 55 hadi 65. Zile tulizipima kwenye mzani wa vitunguu: kilo 31. Uzito wa betri ni madini ya risasi yaliyomo ndani, na risasi haijui kudanganya. Hata iliyo halali, kilowati-saa 2.4, unatumia nusu tu kama unataka ikae miaka.

Mkulima aanze na maji. Kupandisha lita 10,000 kwa siku hadi mita 50, kuanzia usawa wa maji kisimani hadi mdomo wa tanki, kunataka kilowati-saa 3 hivi ukijumlisha upotevu wa pampu. Jua letu linatoa walau saa tano za nguvu kamili, kwa hiyo paneli za wati 1,000 zinatosha hata ukitoa vumbi na joto. Zielekee kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe. Pampu ifungwe ile inayokula umeme wa paneli moja kwa moja, bila betri, na maji yakae kwenye simtanki juu ya jukwaa. Simtanki halichoki baada ya miaka mitatu. Upepo uje baadaye, kwa taa za usiku na friji ya chanjo za mifugo, tena kwenye mnara.

Nawashauri hivi: kila tangazo la mtambo wa upepo mnalochapisha liandikwe wati zake kwenye upepo wa mita 4, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa neno KILOWATI. Na mwandishi wenu arudi kwenye shamba lile saa nane usiku, upepo ukiwa umelala, atupigie picha mashine ikisaga. Mahindi nitanunua mimi, debe moja.

Fundi sola na pampu,
Singida