Barua kwa Elia kuhusu mtu aliyekataa dola 1,000 kwa usiku mmoja

Tanga, 14 Machi

Mpendwa ndugu yangu Elia,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, na Mama Neema amepona mguu. Najua ninastahili lawama, kwa kuwa barua yako imekaa mezani tangu Desemba, na kila niliposhika kalamu nilikwama pale uliponiuliza kama ukubali kuimba katika ile hoteli Jumapili asubuhi, saa zile zile ambazo kwaya inakungoja. Jibu sina hata leo. Nilicho nacho ni habari za mtu ambaye sauti yake haijanitoka masikioni kwa wiki tatu.

Anaitwa Yossele Rosenblatt. Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Bila Tserkva, Ukraine, uliokuwa wakati huo chini ya Urusi, na baba yake alikuwa hazani, yaani mtu anayeongoza sala za Wayahudi katika sinagogi kwa kuimba. Tangu utotoni alizungushwa na baba yake mji hadi mji, watu wakimiminika kumsikiliza. Alipokua alihudumu kama hazani katika miji ya Munkács, Pressburg na Hamburg huko Ulaya, na mwaka 1912 akavuka bahari kwenda New York, kwenye sinagogi ya Ohab Zedek iliyokuwa Harlem. Katika sahani zake za santuri utamsikia akishika neno moja la sala na kulizungusha. Sauti inapanda, inavunjika kidogo kama ya mtu anayemeza kwikwi, kisha inaibukia juu kabisa, nyembamba na safi kama ya mtoto, wala hujui imepitia wapi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1918 Cleofonte Campanini, mkurugenzi wa kundi la opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, la Chicago, alimtaka aimbe nafasi ya Eléazar, Myahudi mfua dhahabu, katika opera ya La Juive, kwa dola 1,000 kila usiku. Aliahidiwa kwamba hatanyoa ndevu zake na hataimba siku ya Sabato. Akakataa! Nilipomsimulia Mzee Lazaro alicheka mpaka akakohoa, akasema yeye angezipokea hizo dola kwanza, kisha ndiyo aanze kusali.

Lakini habari haikuishia hapo, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Aliingiza fedha zake katika gazeti la kutetea dini lililoandikwa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, gazeti likaanguka, na mwaka 1925 akatangazwa kuwa amefilisika. Ili alipe madeni alizunguka Marekani akiimba katika kumbi za maonyesho mchanganyiko, leo akitanguliwa na mchekeshaji, kesho akifuatwa na wanasarakasi. Basi kulikuwa na faida gani kuikataa opera? Nimelifikiria sana, nikaona kwamba opera ingemtaka ajifanye mtu mwingine, ilhali katika kumbi zile alisimama na ndevu zake na kofia yake, yeye mwenyewe, na Sabato hakuimba. Hata katika filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927, anamoonekana kwa jina lake, alikubali kuimba wimbo usio wa ibada, akakataa kuiimba Kol Nidre, sala ya usiku wa kuamkia Siku ya Upatanisho. Pengine ninamtetea kupita kiasi. Watoto wanane wanahitaji kula, na deni halisubiri mtu amalize kutafakari.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Jerusalem mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 51, alipokuwa huko kwa kazi ya filamu nyingine, akazikwa katika Mlima wa Mizeituni.

Ninakuomba hisani moja. Itafute Zaburi ya 126, ile ya wapandao kwa machozi, aliyoiimba katika santuri, uisikilize kwa sikio lako la ualimu. Ile kwikwi ni ufundi wa koo, au alikuwa analia kweli? Je, tenori wako yeyote anaweza kupanda vile bila kuumia? Na hao watu wa hoteli, umewauliza kama saa kumi jioni haiwafai, au uliona haya? Watakuacha uimbe nyimbo zako, au wamekwisha kukuandikia orodha? Mkeo anasemaje? Na kile kinanda ulichoniahidi, bado hakijapata mbebaji?

Ni mimi nduguyo,
Yoeli