Kuhusu mtoto wako aliyelazwa

Shinyanga,
Jumatano usiku

Kengele wangu,

Mwangaluka! Najua hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ni saa nne usiku, lakini wewe Kisukuma chako hakijawahi kujua tofauti. Huku hatujambo, mama bado analalamikia goti, mengine tutaongea. Sikukaa kuandika hayo.

Mtoto wako kalazwa. Usiruke, shoga, hajalazwa. Ni mimi niliyemtia homa, Ijumaa ile tulipokutana Mwanza sisi wa darasa letu la zamani, pale stendi ya Nyegezi, nikiwa hata begi sijashusha.

Kiranja alikuwa kasimama na karatasi yake ya majina (huyu ataandika majina ya wapiga kelele mpaka kaburini), akafika kwako akaniangalia mimi. "Kengele yuko wapi?" Zamani ningesema kivuko, na wala asingeuliza la pili. Si ndiyo ilikuwa dawa yako miaka yote? Foleni Busisi, kivuko kibovu, upepo ziwani. Hata harusi ya Mapande ulikosa kwa kivuko, na mpaka leo sijakuamini. Sasa daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 za zege, basi lenu la Bukoba linapita juu ya maji kama halina habari nayo. Wametunyang'anya kisingizio. Nikababaika, nikasema mtoto ana homa. Wakanyamaza wote, nikaona haitoshi, nikaongeza kalazwa. Hilo "kalazwa" sijui lilitoka wapi.

Nikadhani yameishia pale.

Jumamosi tulikwenda Saanane. Boti pale Capri Point si mwendo wa kutisha, dakika chache tu umeshafika, lakini Mapande alivaa boya kabla hata hatujakata tiketi. Hakuna aliyemcheka. Unajua kwao, tangu MV Bukoba mwaka 1996, hakuna anayepanda chombo na maneno mdomoni. Kule kisiwani ndiyo akachangamka, akawa anawakimbiza pimbi kwenye mawe kama mtoto wa darasa la pili, na ule mwili! Tumepiga picha nyingi, zote nimefumba macho.

Jioni tukakaa Kirumba, sato wa kuchoma, ugali wa muhogo. Maji ya kunawa yanazunguka, Kiranja akasimama. Nilijua tu. Akasema mwenzetu yuko hospitali na mtoto, sisi hapa tunakula samaki, basi kila mtu aguse mfuko. Kengele, nilitamani lile jiwe la Bismarck linidondokee. Zimepatikana 185,000. Na aliyekabidhiwa ni nani? "Wewe ndiye wa karibu naye." Nikapokea kwa mikono miwili.

Zipo hapa. Nilizitia chini ya mkoba, Jumapili nikapita Mwaloni kununua dagaa, mfuko ukapasuka njiani, kwa hiyo kama zitakufikia zitakufikia zinanuka.

Kinachoninyima usingizi si Kiranja. Ni Profesa. Yeye siku hizi ni bodaboda pale Buzuruga, ulijua? Alitoa noti ya elfu kumi, nilimwona akihesabu zilizobaki chini ya meza. Na huyo huyo, Ijumaa, alipoulizwa mchango wa 60,000 alisema mbele ya watu wote, "Mimi sina, nimekuja na tumbo tu." Wakacheka, Mapande akamvutia kiti, basi, kwisha. Hakuna aliyelitaja tena. Nikakukumbuka wewe na simu yako ile ya Jumatano, unanong'ona kama mtu aliyeiba, duka limefungwa, nauli hakuna, nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu. Lakini ningekuwa na akili ningekutumia nauli mimi mwenyewe, na hilo nalo linaniuma, sijui kwa nini sikulifikiria siku ile. Nililifikiria Usagara, basi likiwa limeshakaribia mjini.

Upande mmoja nasema pesa zimekwenda mahali pake, kwani shida si shida? Upande wa pili nakiona kile kidole cha Profesa kikihesabu. Halafu nasema, lakini na wewe unazihitaji. Halafu narudi kwa Profesa. Ndiyo kazi yangu tangu Jumapili.

Sasa niambie. Nikutumie au nirudishe? Nikirudisha, niseme mtoto kapona kabla ya kulipiwa? Au nimwambie Profesa peke yake, yeye hana maneno? Utaweza kumwambia mwenyewe kuhusu duka? Kiranja amesema atakupigia Jumapili baada ya ibada, utapokea? Ukipokea, homa ni malaria au tuseme taifodi? Na ni mtoto yupi, maana mimi sikutaja jina, wenyewe wakaamua ni kitinda mimba? Hajambo lakini, kweli kabisa? Nimejiogopesha mwenyewe.

Nijibu kabla ya Jumapili. Michembe yako ninayo, nayo ilikaa karibu na dagaa.

Ni mimi,
Msema uongo wako